Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita: Historia Fupi ya Bunduki ya Raia, Nikiitazama Kutoka Ilongero

Kila ninaporudi nyumbani Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, kuna neno moja la Kiswahili linalonirudia kichwani: mzinga. Gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie ni mzinga. Chuma kilicho wazi ndani, kinachoshindiliwa baruti na kutema moto, nacho ni mzinga. Huenda waliotupa lugha hii walitazama umbo tu, wakaona vitu viwili vinavyofanana. Hata Serikali yetu ilipoanzisha kiwanda chake cha zana za kijeshi pale Morogoro katika miaka ya 1970, ilikipa jina hilohilo, Shirika la Mzinga, na hakuna aliyedhani kuwa ni kiwanda cha asali.

Nianze na neno hilo kwa sababu historia ya bunduki mikononi mwa raia wa kawaida katika nchi yetu imebanwa kati ya mizinga hiyo miwili: ule unaolisha na kulinda, na ule unaoua. Tumezoea kuizungumzia silaha ya raia kama habari ya polisi. Jambazi kakamatwa, bunduki imekutwa na risasi kadhaa, msemaji ameonya wananchi. Ni nadra kuuliza bunduki hizo zilitoka wapi, nani aliruhusiwa kuwa nazo na nani alikatazwa, na kwa nini mlinzi wa benki leo anashika shotigani ya pampu aksheni wakati mkulima anayelinda uwele wake dhidi ya nguruwe pori bado anategemea debe, moto na mbwa. Ninataka kuyauliza hayo, na nitaanzia darini mwa babu yangu.

Kilichokuwa juu ya boriti

Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia. Watu wengi wanaukumbuka kwa picha za viongozi wakubwa, Rais Magufuli akiwa mmoja wao, wakionesha silaha zao ili zihakikiwe. Mimi ninaukumbuka kwa kikao cha familia. Babu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na tembe lake lilikuwa linaanza kubomoka. Walipopanda juu kuokoa miti iliyokuwa bado mizima, vijana walikuta bunduki moja imelazwa juu ya boriti, chini ya udongo wa paa, imeviringishwa kaniki kuukuu na ngozi ya mbuzi. Ilikuwa gobore. Pamoja nayo palikuwa na pembe tupu ya baruti na karatasi ya leseni iliyokuwa imegeuka rangi ya chai, ikivunjika kila ilipokunjuliwa.

Tukakaa. Baba mkubwa, ambaye alikuwa mtumishi wa umma hadi alipostaafu, alisema kitu hicho kipelekwe polisi kesho yake asubuhi kabla jirani hajasema neno. Shangazi alisema hapana. Bunduki ile ndiyo iliyowasomesha, kwa maana ndiyo iliyofukuza ngedere na nguruwe shambani miaka yote ya utoto wao, na kuitoa ni kumtoa baba yao nyumbani mara ya pili. Binamu yangu mmoja, kijana wa mjini, alikuja na shauri la tatu. Alimfahamu fundi ambaye, kwa malipo kidogo, angelibadili gobore lile limeze risasi za shotigani za kisasa. "Kuliko life," alisema, "bora lifanye kazi."

Nami, mwanahistoria wa familia, nilikuwa na shauri la nne ambalo sikulisema kwa sauti: nilitaka kulichukua. Nilitaka liwe langu, ukutani, karibu na vitabu. Nakiri hilo kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kuwa ninayoyaandika hapa si ya mtu aliyesimama pembeni. Mwisho wa kikao kile nitausimulia baadaye.

Masalio ya vita vya Ulaya

Gobore ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni mwa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za kushindilia, kisha goroli au marisau. Wazee wa pwani waliita zile za kale zaidi, zilizowashwa kwa jiwe la kiberiti, bunduki za gumegume. Baadaye zikaja zilizowashwa kwa fataki. Bunduki hizi hazikuletwa kwetu kwa zawadi. Ziliingia kama bidhaa, na kwa sababu maalumu ya kiuchumi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha kwa kasi. Kila jeshi lilipopata bunduki inayojazwa kwa nyuma, mamia ya maelfu ya zile za kale yalikosa kazi. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya vyuma chakavu, wakazisafirisha hadi Unguja, na kutoka pale zikasambaa bara zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Tunaposikia leo kwamba Afrika ni soko la mitumba, tukumbuke kuwa mtumba wa kwanza mkubwa haukuwa shati.

Njia kuu ya misafara ilipita kusini mwetu. Ilitoka pwani, ikakatiza Ugogo, ikaingia pori la Mgunda Mkali lililoogopwa kwa ukosefu wa maji, ikatokea Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Walioshika bunduki katika njia hiyo walijenga dola. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikusanya vijana wa rugaruga, wengi wao wakiwa na bunduki, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871 na kuifunga njia ya pembe. Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipomzingira ngomeni mwake mwaka 1893, aliwasha ghala lake la baruti ili asishikwe akiwa hai. Kwa watawala wa aina hiyo, bunduki ilikuwa mtaji, cheo na mahakama kwa pamoja.

Lakini tusidanganyike kwamba aliyekuwa na bunduki ndiye aliyeshinda daima. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Emil von Zelewski kilichokuwa na bunduki za kisasa na mizinga, na wengi wao walifanya hivyo kwa mikuki. Kilichowapa ushindi kilikuwa kuijua ardhi, kuvizia kwa subira na kutii amri.

Liti na nyuki

Sisi Wanyaturu tulikuwa pembeni mwa njia kuu, na bunduki zilizotufikia zilikuwa chache. Wajerumani walipojikita Kilimatinde, kisha Mkalama, walikutana na watu wa mifugo na mashamba ya mtama na uwele, wasio na mfalme mmoja wa kusaini mkataba wala jeshi la kuvunjwa. Ndipo historia yetu inapomtaja Liti Kidanka.

Masimulizi yanasema Liti alikuwa mwanamke mwenye nguvu za kiganga aliyewaongoza watu wake kupinga utawala wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Askari walipokuja na bunduki, Liti aliwafungulia nyuki, na wenye bunduki wakakimbia. Walimpata, wasimuliaji husema, baada ya kusalitiwa. Leo uwanja wa michezo wa mjini Singida, uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua, unaitwa kwa jina lake.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama ninaamini habari ya nyuki. Nilimjibu kuwa swali la mwanahistoria si hilo peke yake. Yeyote aliyewahi kuona ng'ombe aliyevamiwa na nyuki wa Singida hahitaji muujiza ili aelewe kwamba askari waliojipanga mstari wangetawanyika. Lililo kubwa zaidi ni kile ambacho jamii imechagua kukumbuka. Ilipokuwa na nafasi ya kumkumbuka shujaa mwenye bunduki, ilimkumbuka mwanamke mwenye mzinga wa nyuki. Kumbukumbu hiyo inasema kwamba nguvu ya kujilinda ilikuwa katika kile ambacho kila kaya ilikuwa nacho tayari, na katika watu kukubali kusimama pamoja.

Sheria iliyopima mtu kwa bunduki yake

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao watu wengi wanaujua kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mna sehemu inayohusu silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa ulizuiwa, isipokuwa kwa watawala wenyewe na watu wachache waliothibitishwa. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya kiutu, na kweli bunduki zilikuwa zimechochea uwindaji wa watumwa. Lakini tazama mwaka wenyewe: ndio mwaka ambao Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikigawana nchi zetu. Mkataba huo uliwakabidhi wavamizi bunduki ya kisasa na kumwachia mvamiwa ile ya babu yake.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walikusanya silaha katika maeneo waliyoyashinda. Waingereza walipochukua Tanganyika hawakuivunja mantiki hiyo, waliipanga vizuri zaidi kwa leseni na madaftari. Mzungu mwenye shamba au mwindaji mwenye kibali alikuwa na raifali na bunduki ya marisau. Mwafrika, kwa desturi ya utawala, alipewa gobore, na si kila Mwafrika. Mwaka 1919 ilianzishwa Idara ya Wanyamapori chini ya C.F.M. Swynnerton, na tangu hapo mnyama naye akawa na sheria inayomlinda. Mtu aliyekuwa akiwinda kama baba zake alijikuta ni jangili bila kuhama kijijini kwake.

Leseni ya babu yangu ilitoka katika ulimwengu huo. Nilipoitazama karatasi ile nilielewa kwa nini aliitunza kwa uangalifu uleule alioitunza bunduki yenyewe. Bila ile karatasi, gobore lilikuwa kosa la jinai, na kwa karatasi ile lilikuwa cheo. Katika kijiji cha wakati ule, kuwa na bunduki yenye leseni kulimaanisha kwamba mwenye mamlaka alikuwa amekuamini. Shangazi anasema kuwa watu walimwita babu kila nguruwe walipovamia mashamba, naye hakukataa, wala hakulipwa fedha. Alipewa mguu wa nyama na mtungi wa pombe ya mtama. Gobore moja lililinda mashamba ya watu wengi.

Uhuru, mgambo na wapiga filimbi

Dola mpya nayo iliiogopa bunduki, na ilikuwa na sababu. Tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi wa Zanzibar walianza na silaha duni, wakateka ghala za polisi, na Serikali ikaanguka ndani ya saa chache. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo aliloliona kuwa fedheha. Jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba mwaka huohuo.

Kutokana na mshtuko huo, pamoja na uvamizi wa Guinea mwaka 1970 na mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971, ulizaliwa Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulioweka msukumo mpya katika ulinzi wa mgambo. Wazo lake lilikuwa la kipekee: umma ufundishwe kutumia silaha, lakini silaha yenyewe ibaki chini ya chama na dola. Mwananchi alijifunza kulenga shabaha, kisha akairudisha bunduki ghalani na kurudi nyumbani na jembe. Hiyo si sera ya Marekani, ambako tangu mwaka 1791 katiba inaitaja silaha kuwa haki ya watu. Kwetu silaha imekuwa daima ruhusa, tena ruhusa inayoweza kuondolewa.

Mizani hiyo iliyumba baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Vita viliacha silaha nyingi nje ya maghala, na uchumi ulioporomoka uliwapa watu sababu ya kuzitumia vibaya. Huko Usukuma na Unyamwezi, wezi wa ng'ombe walianza kuja na bunduki. Dola ilikuwa mbali na haikuwa na mafuta ya kuendeshea gari. Kilichofuata ni sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na Shinyanga vilijipanga kwa nyuta, mishale, filimbi na kiapo, na utaratibu huo ukaenea hadi Tabora na Singida. Filimbi ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili kilifunga njia. Mwizi mwenye bunduki na risasi kumi alijikuta amezungukwa na watu mia wenye mishale, akagundua kuwa hesabu haimbebi.

Sitaki kuwapamba. Sungusungu waliwatesa watuhumiwa, na katika sehemu nyingine waliwageukia bibi vizee kwa tuhuma za uchawi. Dola, baada ya kusitasita, iliwaingiza katika sheria ya mgambo mwaka 1989 ili iwadhibiti na kuwatumia. Lakini somo la msingi linabaki: kilichorudisha usingizi vijijini kilikuwa watu kuitikiana usiku, kama ilivyokuwa kwa Liti. Bunduki zaidi hazikuhitajika.

Pampu aksheni na mlango wa benki

Wakati vijiji vinapiga filimbi, mjini kulikuwa kunaingia kitu kingine. Shotigani ya pampu aksheni si chombo kipya. Christopher Spencer wa Marekani aliiunda ya kwanza iliyofanikiwa katika miaka ya 1880. John Browning akaichonga upya kwa kampuni ya Winchester, zikatoka zile za mwaka 1893 na 1897. Wazo lake ni rahisi. Risasi zimelala katika bomba chini ya mtutu, na mpigaji akivuta kishikio cha mbele nyuma kisha akakisukuma, ganda linatoka na risasi mpya inaingia. Wamarekani waliibeba hadi kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Septemba 1918 Ujerumani ilipeleka malalamiko rasmi kwamba silaha hiyo inaleta mateso yasiyo ya lazima. Malalamiko hayo yalitoka kwa dola iliyokuwa imetumia gesi ya sumu. Baadaye, Remington 870 ya mwaka 1950 na Mossberg 500 ya miaka ya 1960 ziliifanya kuwa bunduki ya bei nafuu, ya kudumu na ya kila mtu huko Marekani. Huko wapo wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, wakabadili vitako na vishikio, wakalinganisha toleo la mwaka huu na la mwaka ule.

Kwetu ilikuja kwa mlango mwingine. Uchumi ulipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mali binafsi iliongezeka haraka kuliko polisi. Yakazuka makampuni ya ulinzi binafsi. Benki, vituo vya mafuta, maduka ya fedha na migodi vilihitaji mlinzi ambaye silaha yake inaonekana na kueleweka hata kabla haijatumika. Sauti ya kishikio kile kikivutwa inatosha kumfanya mtu arudi nyuma. Ndivyo ilivyotokea kwamba bunduki ambayo Mtanzania wa mjini anaiona mara nyingi zaidi maishani mwake haiko mikononi mwa askari wala mwindaji. Anaishika kijana wa mshahara mdogo, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki usiku kucha, akilinda fedha ambazo hatazigusa.

Tafakari tofauti hiyo. Gobore la babu lilikuwa moja, na kijiji kizima kiliitwa nyuma yake. Pampu aksheni ya leo ni nyingi, lakini kila moja imefungwa kwenye mlango mmoja, kwa mkataba mmoja, kwa anayelipa. Ulinzi umehama kutoka kuwa wajibu wa ujirani na kuwa huduma inayonunuliwa, na bunduki inatueleza mabadiliko hayo waziwazi kuliko hotuba nyingi za uchumi.

Mtutu uliokatwa

Hapo ndipo habari ya kubadili bunduki inapoingia. Katika taarifa za polisi wetu utakuta mara kwa mara maneno haya: shotigani iliyokatwa mtutu na kitako. Jambazi hukata kwa sababu moja, ili afiche. Bunduki ndefu ni ya shambani, inaonekana kutoka mbali, na mwenye nayo hana haja ya kujificha. Ikikatwa, imebadilishwa kazi yake yote: haiwezi tena kulenga mnyama aliye mbali, inafaa tu kwa binadamu aliye karibu. Marekani yenyewe, pamoja na upendo wake wa silaha, iliona hilo mapema. Sheria yao ya mwaka 1934 iliweka shotigani yenye mtutu mfupi kuliko inchi 18 chini ya udhibiti mkali.

Ipo pia historia ya kubadili na kuunda silaha kwa sababu nyingine. Wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950, waliokatazwa bunduki na sheria na kukosa za kununua, waliziunda wenyewe kwa mabomba ya maji na vyuma vya mlangoni. Nyingi zilikuwa hatari kwa mpigaji kuliko kwa mpigwaji. Hatuwezi kulisoma tendo hilo sawasawa na la jambazi wa mtaani, lakini chuma hakijui nia ya mtu. Gobore lililotengenezwa kwa baruti nyeusi, ambayo nguvu yake ni ndogo, likilishwa risasi ya kisasa huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Ndilo jibu ambalo binamu yangu alipewa na baba mkubwa, kwa maneno machache zaidi: "Unataka tuzike wawili kwa bunduki moja?"

Tulichokipeleka, na tulichopewa

Sheria iliyopo sasa ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1991. Ilizingatia Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo, ambayo inazitaka nchi wanachama kuweka alama na kumbukumbu za kila silaha. Ilikuja wakati mgumu. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili iliishia katika malalamiko ya mateso na kuwagharimu mawaziri wanne nafasi zao. Julai 2015 kituo cha polisi cha Sitakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha kuporwa. Serikali isiyotaka kujua silaha ziko wapi baada ya tukio kama lile ingekuwa imezembea. Ninaunga mkono sheria hiyo na ule uhakiki.

Ndiyo maana baba mkubwa alishinda kikao. Tulilipeleka gobore sehemu iliyopangwa, pamoja na karatasi yake ya chai. Ofisi yenyewe sitaitaja. Mzee yule aliyestaafu utumishi wa umma kwa heshima aliketi benchi tangu asubuhi hadi jioni, akiulizwa na vijana watatu kwa nyakati tofauti kwa nini familia ilificha silaha. Alijibu mara tatu kwamba hakuna aliyeficha. Aliyeiweka pale alikuwa na leseni, na amekufa. Mwishowe alipewa stakabadhi. Ilisomeka: "Bunduki moja, chakavu." Karatasi ya leseni haikurudishwa, wala haikutajwa.

Nilighadhibika, kisha nikajiuliza ninachoghadhibikia. Kusalimisha chuma kile kulikuwa sahihi. Mimi niliyetaka kukiweka ukutani ningekuwa na kosa la jinai karibu na vitabu vyangu. Kilichonichoma ni kwamba dola iliyomwamini babu kwa karatasi, chini ya mkoloni, ilimshuku mwanawe aliyekuja kwa hiari, chini ya bendera yetu. Kila mwenye gobore darini aliyeisikia habari ile kijijini alijifunza somo, na ninaogopa kuwa hakujifunza kusalimisha.

Hapa wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wana kazi. Msamaha wa kusalimisha silaha unaotangazwa mara kwa mara hautakuwa na maana kama mlango wake ni benchi la mtuhumiwa. Mrithi si jambazi. Apokelewe na mtu mmoja, aulizwe mara moja, ashukuriwe. Pili, kabla silaha za kale hazijateketezwa, historia yake iandikwe: ilitoka wapi, nani aliimiliki, ilifanya kazi gani. Gobore lililoharibiwa uwezo wa kufyatua halimdhuru mtu likiwa ndani ya kabati la kioo la makumbusho, karibu na mzinga wa gogo na picha ya Liti. Tatu, tuulize hadharani kuhusu bunduki za makampuni ya ulinzi: mafunzo ya wanaozishika, mishahara yao, na zinakolala mchana.

Wapo watakaosema kuwa kuihifadhi bunduki, hata iliyoharibiwa, ni kuitukuza. Ninauheshimu wasiwasi huo. Lakini watoto wa Ilongero watakutana na bunduki kwa vyovyote, kwenye filamu na kwenye mlango wa benki. Ni heri wakutane pia na ile ambayo mmiliki wake alilipwa mguu wa nyama kwa kulinda mashamba ya wenzake, kisha akairudisha juu ya boriti.

Tembe la babu sasa limeanguka lote. Pale lilipokuwa, mdogo wangu ametundika mizinga kwenye mti wa mkungugu, na mwaka huu nyuki wameingia.